Mlango Unaotazama Benchi

Siku za soko mama yangu hanywi chai. Huipika, hunimiminia kikombe changu, hufunika birika kwa kitambaa, kisha hutoka na ndizi zake kungoja pikipiki barabarani. Nilipokuwa shule ya msingi nilidhani anafunga. Sisi ni Wasabato, na jambo lolote gumu lililofanywa kimya kimya nyumbani kwetu nililihesabu kuwa la dini. Mwaka jana nilirudi nyumbani nikiwa na digrii ya mipango ya miji na bila kazi, nikaanza kufuatana naye sokoni, na siku ya kwanza tu nikaelewa. Mama, ambaye jina lake ni Orpah, hanywi chai kwa sababu akinywa atahitaji kwenda haja, na hana pa kwenda.

Choo kipo. Hilo ndilo watu wa ofisi ya mji husema kila mara, na ni kweli. Mji wetu ni mdogo, uko upande wa Nyamira katika barabara ya kwenda Ekerenyo, na tangu ulipopandishwa hadhi ukapewa bodi yake umepata vitu kadhaa, choo cha umma kikiwa kimojawapo. Kimejengwa juu, karibu na stendi. Ni cha matofali, kina tangi la maji na milango miwili, mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake. Milango yote miwili inatazama barabara. Na ng'ambo ya barabara, chini ya upenu wa duka la vifaa vya ujenzi, kuna benchi refu ambalo wazee wa mji hukalia kuanzia asubuhi hadi jua linapoinama.

Sisemi wazee hao ni wavivu. Pale ndipo kesi ndogo za mipaka ya mashamba huamuliwa, ndipo gazeti moja husomwa na watu wanane, ndipo mtu aliyefiwa huanza kupita ili jirani wajue. Wao ndio walioiomba bodi choo kijengwe karibu, kwa kuwa umri wao hauwaruhusu kutembea mbali kwa shughuli hiyo. Bodi iliwasikiliza. Hakuna aliyewaza kitu kingine.

Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni. Nikisema ni haya nitakuwa nimekipunguza. Ni ukuta kati ya mzazi na mtoto aliyekua, na hasa kati ya mwanamke na baba wa mumewe, pamoja na ndugu wote wa huyo baba. Mwanamke haingii chumba cha baba mkwe, hagusani naye, hatamki mbele yake lolote la mwili. Kumwona akielekea chooni, au yeye kukuona wewe, ni jambo la kuwafanya wote wawili wainamishe macho kwa wiki nzima. Na wazee wanaokaa benchi lile, katika mji mdogo ambao watu wake wameoana kwa miaka mingi, ndio baba wakwe wa karibu kila mwanamke anayeuza katika Soko la Chini, ambako mama ana meza yake. Mzee Ongeri, ambaye hukaa mwisho wa benchi kwa upande wa stendi, ni mdogo wake babu yangu aliyenizalia baba. Kwa mama ni baba mkwe kamili, hasa kwa kuwa babu mwenyewe alishakufa. Mzee Mogire, ambaye hukaa kando yake, ni baba mkwe wa Persis, rafiki ya mama na jirani yake wa meza.

Kwa hiyo wanawake hawakiingii choo kile. Wengine hulipa kwenye hoteli moja ya chai, mwenye hoteli akiwa na moyo mzuri siku hiyo. Wengine hushuka bondeni mpaka kwenye banda la kupimia majani ya chai, ambako kuna choo cha mabati, kisha hupanda tena kilima wakihema na kukuta mteja ameenda kwa mwingine. Wengi hawanywi kitu. Mama alikuwa katika hao wengi.

Mwezi wa pili aliugua. Alianza kwa kusema mgongo unamsumbua, akasingizia mzigo. Halafu homa ikaja. Nilimpeleka kliniki, na muuguzi, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinieleza pale mlangoni kwamba ni maambukizi ya njia ya mkojo, kwamba si mara ya kwanza, na kwamba mama lazima anywe maji kutwa nzima na asijizuie, la sivyo safari nyingine ugonjwa utapanda kwenye figo. Nikamwambia mama. Alikuwa anafunga leso kichwani. Akasema amesikia. Soko lililofuata akabeba ndizi zake bila kunywa chai.

Nilimpigia baba. Baba ni dereva wa lori la majani ya chai huko Kericho na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilimwambia amweleze mzee Ongeri, maana mzee ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi inayokaa na bodi. 

"Nyanchera," baba akasema, "unataka nikamwambie baba yangu mdogo habari ya choo cha mke wangu?"

Baba akaniuliza kama mvua imenyesha.

Jambo lililonipa matumaini, na baadaye likanichosha kuliko yote, ni kwamba fedha za choo cha pili zilikuwa zimetengwa. Mwaka uliotangulia mpango wa mji ulisomwa mbele ya watu, na choo cha Soko la Chini kilikuwamo. Kila mwanamke pale alisikia kwa masikio yake. Mwaka huu ofisi ikatangaza kwamba mpango umebadilika. Choo cha stendi kimeonekana hakitumiwi na wanawake, kwa hiyo hakuna haja ya kujenga kingine. Fedha zitajenga lango la chuma juu ya barabara, mahali mji unapoanzia, lenye jina la mji na taa za kuwaka usiku. Mtu akitoka Kisii au Sironga ajue amefika.

Nilikwenda ofisini kuuliza. Meneja wa mji anaitwa Duke, kijana mwenye adabu aliyezaliwa na kukulia Kisii mjini, na nilitaka kumchukia nikashindwa. Alinipa kiti. Alisema yeye mwenyewe alishangaa kuona mlango wa wanawake una utando wa buibui. Nikamweleza habari ya benchi. Akasikiliza, akatabasamu kidogo kwa huzuni.

"Dada, mambo hayo bado yapo?"

Nikamwambia yapo. Akasema basi waje waseme. Kabla ya bajeti kupita, sheria inataka mkutano wa maoni ya wananchi, na mkutano ulikuwa wiki iliyofuata. Kama akina mama wanakitaka choo na hawalitaki lango, wasimame waseme hivyo, naye ataandika. Hawezi kuandika maneno ya mtu mmoja aliyekuja ofisini peke yake. Niliona ana haki. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kama mtu aliyepewa kazi.

Wiki ile nilitembea meza kwa meza. Niliwaeleza kwamba bajeti ni yao, kwamba Katiba imewapa nafasi ya kusema, kwamba wanaume wa ofisi si wabaya ila hawajasikia. Walinisikiliza wakipanga ndizi na mboga, wakaniita mwalimu. Persis alisema atavaa kitambaa chake cha kanisani. Bitutu, anayeuza mboga za kienyeji, chinsaga na managu, mkabala na mama, aliuliza kama kutakuwa na soda. Nikasema itakuwapo. Akasema basi hata yeye ana maoni, na anaweza kuwa na maoni mawili kukiwa na mkate. Ni mama peke yake aliyeuliza swali lililokuwa na maana, nami sikulipima.

"Nani atakaa mbele?" aliuliza.

Nikamwambia ni Duke na watu wa kamati. Akanitazama kidogo, akaendelea kufuta ndizi umande.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, adhuhuri. Wanawake walikuja, wengi kuliko nilivyotegemea, wamefunga meza zao mapema na kupoteza biashara ya mchana. Wakajaza viti vya nyuma. Duke alikuwa amevaa shati jeupe. Kando yake, kwenye kiti cha mwenyekiti, alikaa mzee Ongeri na kofia yake gotini. Mzee Mogire na wenzake wa benchi walikuwa kwenye safu iliyopangwa pembeni, ikitazama watu, mahali pa heshima. Benchi lote lilikuwa limehamia kanisani.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la mama. Nilikuwa nimesoma miaka minne namna watu wanavyoshirikishwa katika mipango ya miji yao, na sikufikiria viti vitatazama wapi.

Duke alieleza habari ya lango vizuri, kwa Kiswahili safi. Alionyesha picha yake. Kisha akakaribisha maoni. Wanaume wawili walisema lango ni zuri, wakaomba tu jina liandikwe kwa herufi kubwa. Mmoja akataka kujua kama vijana wa hapa watapata kibarua cha kuchimba mashimo. Duke akageukia nyuma, akasema angependa kuwasikia akina mama. Nakiri aliwangoja kwa uaminifu. Hakuna aliyeinuka, na mtoto mmoja akaanza kulia.

Persis akasimama. Nilimwona akishika ukingo wa kiti cha mbele yake. Akainua macho, yakakutana na mzee Mogire, ambaye naye alikuwa akimtazama kwa wema, akitaka kusikia mke wa mwanawe atasema nini mbele za watu. Persis akauliza takataka za Soko la Chini zitazolewa lini.

Duke akajibu kwamba zitazolewa. Persis akakaa.

"Na kuhusu choo?" Duke akauliza. "Tulisema fedha zake zinahamishwa. Kuna mwenye pingamizi? Mama yeyote?"

Neno lenyewe lilipotajwa mbele ya wazee wale, vichwa vyote vya nyuma viliinama kwa pamoja, kama shamba la wimbi likipigwa na upepo. Mama alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya leso yake.

Nikasimama mimi. Nilikuwa nimejiandaa, nilianza na kifungu cha Katiba. Sikufika mbali.

"Huyu ni mke wangu," mzee Ongeri akawaambia watu, akicheka. "Msimwogope. Amesoma mpaka amesahau kupika."

Ukumbi ukapumua. Mjukuu na babu kwetu hawana ensoni. Ukuta unaowatenga baba na mwana, mkwe na mkwe, kwao haupo. Babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na mjukuu anaweza kumwambia babu lolote, hata la kumfanya mtu mwingine akimbie, na watu wakacheka tu. Nikaona mlango umefunguka. Nikauacha utaratibu wangu nikauingia.

"Nitapikaje, sokoro?" nikamwambia, kwa kuwa ndivyo tunavyowaita babu. "Mahari hujatoa, na sasa nasikia nyumba unayonijengea ina lango, haina choo."

Walicheka mpaka viti vikalia. Mzee mwenyewe alijipiga goti.

"Wewe lala na njaa, hutahitaji choo!"

"Na wewe je? Wewe uliyeiomba serikali ijenge chako kando ya benchi ili usichoke kutembea? Bibi harusi wako ataingia langoni na taa zake, kila mtu atamwona, halafu aende wapi, babu? Akuombe wewe umfungulie?"

Wazee walishikana mabega. Hata wanawake wa nyuma walicheka, wameficha midomo kwa leso, na nikaona Bitutu akifuta machozi. Nilisema yote. Nilisema benchi linatazama mlango, nilisema wake wa wana wao hukaa kutwa bila maji, nilisema hata kuhusu bondeni na banda la majani ya chai, kila jambo likiwa na kicheko chake mkiani. Nilipokaa chini nilikuwa nimejaa furaha. Nilijua nimesikika na kila mtu katika ukumbi ule.

Duke, akiwa bado anatabasamu, akashukuru kwa burudani, akauliza kama kuna maoni mengine, akafunga mkutano. Soda zikagawiwa. Wanawake waliziweka kwenye vikapu vyao bila kuzifungua.

Nilimfuata Duke nje. Nikamuuliza ameandikaje kuhusu choo. Akasema ameandika kwamba hakukuwa na pingamizi. Nilipaza sauti kidogo, akasubiri nimalize.

"Uliongea vizuri sana," akasema. "Lakini ulikuwa unataniana na babu yako. Mwenyekiti alicheka, watu wakacheka. Nikiandika kwamba mwananchi amepinga, wataniuliza alipinga lini. Nitawaambia alipinga aliposema hajatolewa mahari?"

Nilirudi nyumbani na mama kwa miguu, kwa kuwa pikipiki zilikuwa zimepanda bei kwa ajili ya mkutano. Mama alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, kwenye ule upande uliokuwa ukimuuma. Tulipofika kwenye kona ya migomba yetu akasema, bila ukali wowote, "Umewachekesha. Walikuwa hawajacheka siku nyingi." Nilitamani angenigombeza.

Nilikaa siku kadhaa bila kwenda popote. Usomi wangu ulikuwa umegonga ukuta, na utani wangu umepita juu ya ukuta huo kama ndege asiyebeba kitu. Lakini usiku nilimsikia mama akigeuka kitandani. Siku ya Jumapili asubuhi nilikwenda kwa mzee Ongeri.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe majani ya napia. Aliponiona alinyoosha mgongo akafurahi kweli.

"Mke wangu amekuja kudai mahari."

Sikujibu utani. Nilisimama tu pale nikishika nguzo ya zizi. Akatania tena, kwamba labda nimekuja kupika. Sikujibu. Mtu akikaa kimya mbele ya utani kwetu, ni kama amekataa salamu. Kicheko kilimtoka usoni polepole, na nikaona jinsi alivyo mzee.

"Kuna msiba?" akauliza.

Nikamwambia hakuna, ila siku ile kanisani nilikuwa namaanisha. Nikamwambia sitaki acheke. Nikaanza kueleza kwamba kuna mtu ninayemjua ameugua, kwamba muuguzi ametaja figo.

Akainua mkono wenye panga, akaushusha.

"Mama yako amekutuma?"

Nilikuwa nimelala na kuamka na maneno yangu yote, na hili sikulitazamia. Nikisema ndiyo, nimemvua mama nguo mbele ya baba mkwe wake. Hatapita tena barabara ile akiwa ameinua kichwa. Nikisema hapana, nimebaki msichana anayesema maneno yake mwenyewe, na maneno yangu mzee alikwisha kuyacheka mbele ya mji mzima. Ng'ombe alikuwa akivuta majani mkononi mwake naye hana habari.

"Hapana," nikasema. "Hakunituma mtu."

Mzee akageuka akaendelea kukata majani, akinipa mgongo, na akasema akiwa amenipa mgongo hivyo hivyo.

"Basi sitakuuliza ni nani. Nikiuliza utajibu, na ukijibu, kuna nyumba ambako sitaletewa chai tena mpaka nife."

Nilimwambia bado anaweza kulisimamisha lango. Akacheka kidogo, kicheko kingine kabisa, kisicho na furaha. Akasema kazi imeshapewa mtu na chuma kimeshanunuliwa. Akasema wanamweka kiti cha mbele, wanamwambia asaini hapa, na yeye husaini kwa sababu vijana hao wamesoma na wanamwita mheshimiwa. Zamani, akasema, mtu akitaka kujenga choo bomani alijua mlango utatazama wapi kabla hata hajachimba. Mama zao waliwaambia, na kila upande wa boma ulikuwa na watu wake. Walipojengewa hiki cha stendi walifurahia maji ya bomba mpaka wakasahau. Wazee wazima, benchi zima.

"Hawakutuambia," akasema.

"Wangewaambiaje, babu?"

Aliniomba nimpelekee ng'ombe ndoo ya maji, nikaipeleka.

Siku ya soko iliyofuata mzee Ongeri hakuwa kwenye benchi. Nilimwona ndani ya duka la fundi cherehani, nyuma kabisa, kwenye kigoda, akitazama ukuta wenye kalenda. Wenzake walipomwita alisema upepo wa barabarani unamuumiza magoti. Walimcheka. Hakutoka.

Mama alikuwa ameliona jambo hilo kabla yangu. Alilitazama benchi mara moja, akatazama ndizi zake, akatazama tena. Saa nne hivi aliniambia nikae kwenye meza, akamwambia Persis, "Twende." Nikawatazama wakipanda, wanawake wawili wenye leso kiunoni, na nilikuwa na furaha ya kijinga. Walifika karibu na stendi. Kisha nikawaona wamesimama. Mzee Mogire alikuwa pale pale mahali pake, gazeti wazi, miwani puani, na Persis alikuwa amegeukia upande mwingine akijifanya kurekebisha kiatu.

Mama angeweza kuingia. Njia yake ilikuwa wazi. Mzee aliyemzuia alikuwa akitazama kalenda. Mama alisimama kidogo na rafiki yake. Halafu wakageuka wote wawili, wakapita mbele ya meza yetu bila kusema kitu, wakashuka kuelekea bondeni kwenye banda la majani ya chai.

Waliporudi walikuwa wamechoka, na mteja wa mikungu mitatu alikuwa ameshaondoka. Nilimuuliza mama kwa nini. Muuguzi alisema nini? Mzee wa watu amejifungia kwa fundi kwa ajili yake. Mama alikaa, akavuta pumzi, akanijibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi.

"Nikiingia peke yangu, Persis atashuka na nani?"

Nilikaa na jibu hilo. Ofisini wangelichukua kama hesabu: mtumiaji mmoja amepatikana. Lakini mama hakuutaka mlango uliofunguliwa kwa ajili yake peke yake, kwa huruma ya mkwe mmoja mwenye aibu, huku wenzake wote wakiendelea kushuka bondeni. Nilikuwa nimesoma kuhusu haki katika matumizi ya fedha za umma, na sijawahi kuisikia ikielezwa hivyo. Wala sikuona itatusaidia nini jioni ile. Mafundi walikuwa wameanza kuchimba mashimo ya lango mwanzo wa mji. Sauti ya sururu ilifika hadi sokoni.

Bajeti nyingine itasomwa mwakani. Nitakwenda, na safari hii nitauliza kwanza viti vitatazama wapi. Nitaomba akina mama wakae na Duke peke yao, au na mwanamke kutoka ofisini, kama yupo. Hilo ni la mwakani. Mama alikuwa na figo zile zile siku ile.

Nikanyanyuka, nikajifuta utomvu wa ndizi mikononi, nikapanda hadi stendi, nikavuka barabara. Kwenye benchi mzee Mogire alishusha gazeti. Naye ni babu yangu, kwa upande wa mbali; kwetu karibu kila mzee ni babu yako kwa upande fulani. Akasogea kunipa nafasi, akawaambia wenzake kwamba leo amepata mke msomi na Ongeri aliyemkimbia ni mjinga. Kulikuwa na wazee saba pale, na kila mmoja alikuwa baba mkwe wa mtu.

Nikakaa, nikangoja wamalize kucheka.